Santuri ya Mkimbizi na Sikio la Onduparaka

Wakazi wa Onduparaka, pembeni mwa mji wa Arua, hawana upungufu wa muziki. Nyimbo za Kilingala huwafikia kutoka Kongo kwa njia ya soko la Ariwara, za Kampala hupanda pamoja na abiria wa mabasi ya usiku, na nyingine huteremka kutoka Sudan Kusini kupitia Koboko. Kila albamu mpya iingiapo hupewa hukumu yake upesi, pengine kabla wimbo wa pili haujaanza: inachezeka, au haichezeki.

Kipimo hicho si cha kudharauliwa. Askari aliyerejea likizo na polisi aliyemaliza zamu ya usiku wana haki ya kunyosha viungo, na mwanamuziki ashindwaye kuwainua watu vitini katika karamu ya arusi hana budi kujilaumu. Hata hivyo kipimo kimoja hakitoshi kupima kila kitu. Muuza nguo hutumia futi na muuza mchele hutumia mizani, wala hakuna anayewaona kuwa wanabishana. Zipo santuri zilizofanywa kwa ajili ya miguu, na zipo zilizofanywa kwa ajili ya moyo. Mwenye kuhukumu sharti kwanza atambue ni ipi iliyo mbele yake.

Mfano ulio wazi ni santuri iitwayo «Exile» ya Geoffrey Oryema, mwana wa Uganda. Ilitolewa mwaka 1990 nchini Uingereza na kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwimbaji Peter Gabriel, na msimamizi wa kurekodiwa kwake alikuwa Brian Eno, fundi wa sauti mwenye sifa kubwa huko Ulaya. Kwa umri si santuri mpya tena. Lakini kwa kijana wa West Nile ambaye hajapata kuisikia, ni mpya kabisa. Na kwa yeyote apendaye kujifunza namna ya kuipima albamu, ni shule.

Oryema alizaliwa Soroti mwaka 1953 katika nyumba ya Kiacholi yenye asili ya Anaka, ng'ambo ya pili ya Mto Nile. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda. Yafaa jambo hili likumbukwe katika nyumba za askari, kwa maana afisa huyo mkuu ndiye aliyemfundisha mwanawe kupiga nanga, ile ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa. Sare na nanga viliishi chini ya paa moja.

Baadaye mzee huyo akawa waziri katika serikali ya Idi Amin. Mwezi Februari mwaka 1977 aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenziwe, Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kuwa walikufa katika ajali ya gari. Mwaka huo huo Geoffrey, akiwa kijana wa miaka 24, alivushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari. Kutoka huko alikwenda Ufaransa, akakaa humo miaka mingi. Miaka kumi na mitatu baada ya kutoroka ndipo santuri hii ilipotoka. Na jina lake, ambalo maana yake ni maisha ya uhamishoni, halikutungwa kwa ajili ya kuuzia tu.

Sifa ya kwanza ya «Exile» ni uchache wa vyombo. Msikilizaji aliyezoea bendi yenye magita matatu na safu ya matarumbeta atashangaa kusikia sauti ya mtu mmoja, nyuzi za nanga, na ile ala ya vidole ambayo Waacholi huiita lukeme. Sauti ya Oryema ni nzito ikiwa chini na nyembamba ikipanda, naye hana haraka. Huliachia neno nafasi lilie hadi mwisho wake. Wimbo uitwao «Land of Anaka», ambao ndani yake anaikumbuka nchi ya wazee wake, ni ushahidi kwamba huzuni haihitaji kelele.

Sifa ya pili huenda ikawagusa zaidi watu wa Arua na Koboko. Lukeme hiyo si mgeni kwao. Wachunguzi wa muziki wa Afrika wanaeleza kwamba ala hiyo, iitwayo likembe huko Kongo, ilisafiri mwanzoni mwa karne ya 20 mikononi mwa wapagazi, askari na vibarua, ikawafikia Waaluri wa West Nile na kisha ikaingia Acholi. Hivyo sauti iliyowavutia wasikilizaji wa London na Paris ilipita hapa kwanza, mapajani mwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Hata jina la wimbo mwingine wa santuri hiyo, «Makambo», litatambuliwa mara moja na kila aliyezoea Kilingala cha sokoni, kuwa ni mambo, tena mambo mazito.

Kasoro nazo zipo, na si vema kuzifunika kwa sababu tu mwimbaji ni mwenzetu wa Uganda. Mitambo ya Brian Eno imetandaza ukungu wa sauti nyuma ya nyimbo kadhaa. Mahali pengine ukungu huo hupendeza, kama asubuhi ya masika juu ya mto. Mahali pengine huzimeza nyuzi ambazo msikilizaji wa nyumbani angependa kuzisikia zikiwa kavu. Mwendo wa nyimbo nyingi ni wa taratibu, na anayeisikiliza santuri nzima kwa mkupuo huenda akachoka kabla ya mwisho. Tena Kiacholi kitafahamika kwa Mwaluri wa Nebbi au Pakwach, kwa kuwa lugha zao ni ndugu, bali Mlugbara na Mkakwa watabaki nje ya mlango wa maneno.

Santuri yake ya pili, «Beat the Border», ilifuata mwaka 1993. Vyombo viliongezeka, mapigo yakapata nguvu, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani wakaipokea kwa furaha. Kwa kipimo cha miguu, hiyo ya pili yaishinda ya kwanza. Kwa kipimo cha moyo, ya kwanza haijashindwa. Mtu aliyevaa vizuri hupendeza, lakini siku ya msiba watu humtazama usoni, hawatazami nguo.

Hapo ndipo inapofikiwa hukumu iliyo ngumu zaidi, ambayo wahakiki wa Ulaya hawakuwa na sababu ya kuitoa. Je, sikio la West Nile laweza kuipokea santuri hii? Idi Amin, ambaye chini ya utawala wake baba yake mwimbaji aliuawa, alikuwa na asili ya Koboko. Alipoangushwa mwezi Aprili mwaka 1979, gharama ililipwa pia na watu ambao hawakuua mtu yeyote. Tangu mwaka 1980 familia nyingi za Arua na Koboko zilivuka mpaka na kuwa wakimbizi katika Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa jeshi la serikali la wakati huo, UNLA, waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Ndani ya jeshi hilo Waacholi walikuwa wengi.

Kwa hiyo Mwacholi anamlilia baba yake, na katika nyumba za Lugbara na Kakwa wamo pia wanaowalilia baba zao. Mwenye kupenda ugomvi aweza kukaa chini akahesabu makaburi ya kila upande hadi kuche, asipate faida. Santuri ya «Exile» haimwiti msikilizaji kwenye hesabu hiyo. Inamleta kwenye jambo ambalo mtu wa Anaka na mtu wa Onduparaka wamelionja sawasawa: kulala katika nchi ya watu na kuota uani kwenu. Mama aliyekaa miaka mitano ng'ambo ya mpaka akingoja habari za shamba lake hahitaji tafsiri ya wimbo wa namna hiyo. Mlango wa maneno umefungwa kwake, naye ameingia kwa dirisha.

Hiki basi ndicho kipimo kinachofaa kuongezwa juu ya kile cha uchezaji. Albamu iulizwe kama inasema jambo la kweli, na kama jambo hilo laweza kusikilizwa na mtu asiye wa kabila la mwimbaji bila ya kutukanwa. Franco wa Zaire alipotoa «Mario» mwaka 1985, alimchora kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, na watu wa Afrika Mashariki walimtambua kijana huyo hata kama hawakujua Kilingala. Philly Lutaaya, aliyejitangaza hadharani mwaka 1989 kuwa ana ugonjwa wa UKIMWI na kufariki Desemba mwaka huo huo, aliimba juu ya upweke wa mgonjwa wakati wengi walipoogopa hata kuutaja ugonjwa huo. Wote hao walikuwa na mapigo mazuri. Kilichowafanya wadumu ni kwamba walikuwa na la kusema.

Geoffrey Oryema aliirudia Uganda mwaka 2016, baada ya miaka karibu arobaini, akawaimbia watu wa nyumbani. Alifariki nchini Ufaransa mwezi Juni mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 65.

Wazazi wenye vijana nyumbani wangefanya vema kuitenga jioni moja kwa ajili ya santuri hii, redio ikiwa imezimwa na kazi za jikoni zimekwisha. Isichezwe kwenye karamu, kwa maana huko itaonewa. Ichezwe kwa sauti ya chini, na wimbo wa Anaka ukimalizika, mzee wa nyumba awasimulie watoto mahali familia ilipokuwa mwaka 1980, na nani aliyewapa maji njiani. Mtoto aliyesikia hayo atakuwa amejifunza kuipima albamu, na huenda siku moja akakutana kambini na mwenzake wa Acholi, wakawa na wimbo wa kuanzia mazungumzo.