Mzani wa Gamboshi

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba unaishi Bariadi, naye atakuuliza habari za Gamboshi. Gamboshi ni kijiji cha wakulima na wafugaji wilayani kwetu. Kina pamba, kina ng'ombe, kina watoto waendao shule. Lakini ukikitafuta kwenye simu utakutana na makao makuu ya wachawi, mji wa mataa usioonekana mchana, na misukule walimao usiku. Hadithi hizo ni za zamani. Zamani zilisimuliwa jioni na hazikumpa msimulizi hata senti. Siku hizi zina soko, na ugomvi wangu ni na soko hilo.

Watetezi wa mitandao hutuambia kwamba sasa kila mtu ni mwandishi, tena huduma ni bure. Bure! Mwenye mtandao haandiki hadithi ya Gamboshi. Anaandikiwa, kisha huuza matangazo kwa kadiri macho yetu yanavyoganda pale. Sisi ndio wakulima, yeye ndiye mwenye mzani, na mkulima haruhusiwi kuusoma.

Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook zilipofichuliwa, ulimwengu ulionjeshwa siri ya mzani huo. Kuanzia mwaka 2017, katika kuamua habari ipi isogezwe mbele, uso wa hasira ulihesabiwa mara 5 ya dole gumba. Watafiti wa kampuni yenyewe walionya kwamba yale yanayokusanya hasira ndiyo yenye uongo mwingi. Uzito huo ulipunguzwa hatua kwa hatua, ukafikishwa sifuri mwaka 2020.

Sasa, mkulima akijua kwamba mzani haubagui mchanga na maji, hawakosekani watakaotia mchanga na maji. Tumeona pamba safi ikigeuzwa fifi namna hiyo. Kijana mmoja niliyemfundisha alirekodi ngoma za Wagika na Wagalu msimu mzima. Watazamaji hawakujaza hata trekta. Kisha akaweka picha ya bibi kizee wa jirani, na swali chini yake: huyu ni binadamu kweli? Wakaja kwa maelfu. Nilipomtaka aiondoe alinijibu, "Mwalimu, ngoma hailipi." Aliiondoa siku ya nne, baada ya watoto wa bibi huyo kuja kwangu wakilia. Usukumani wazee wa kike wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo ni mekundu kwa moshi wa samadi wanayopikia. Swali la namna ile si mzaha.

Nitaambiwa kwamba watu wenyewe ndio wanaopenda uchawi. Wanaupenda, sikatai. Hata kwenye ngoma watu hupenda matusi, lakini manju huyatia kidogo kwa kuwa mama mkwe wake yumo uwanjani. Mtandaoni mama mkwe hayumo, yumo mhasibu.

Serikali ilipoamua kuingilia, mwaka 2018, ilimkamata mkulima ikamwacha mpimaji. Kanuni za maudhui mtandaoni ziliwadai wenye blogu ada za zaidi ya shilingi milioni 2, na JamiiForums, uwanja wa mijadala tulioufahamu tangu mwaka 2006, ikalazimika kufunga milango kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Mzani wa California haukuguswa.

Baba zetu waliona mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakadai watu wao wasimame kando ya mizani. Kufikia mwaka 1955 walikuwa na VFCU, shirikisho lao la ushirika. (Ushirika nao ulipata wezi wake, najua, msinikumbushe.)

Mwaka 2022 Bunge liliweka kodi ya asilimia 2 kwa kampuni za nje zinazouza huduma za kielektroniki nchini. Kama tunaweza kuzidai kodi, tunaweza kuzidai hesabu: zitangaze kwa Kiswahili ni kitu gani kinachopewa uzito na kwa kiasi gani. Tena zituambie, picha ya bibi wa Bariadi inapolalamikiwa, ni nani huko kwao anayesoma Kisukuma.