Mfugaji amjue inzi kabla ya kununua dawa

MFUGAJI wa Saza, mkoani Songwe, anapoona ng'ombe wake anakonda na maziwa yanapungua, mara nyingi hukimbilia duka la dawa. Fedha hutoka, sindano huchomwa, na baada ya wiki chache hali hurudi ileile. Hasara hiyo ingepungua iwapo kwanza angejiuliza: ni inzi gani yuko malishoni?

Si kila inzi anayeng'ata ni mbung'o. Mbung'o, mwenezaji mkuu wa nagana, akitua hulaza mabawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Inzi wa zizini anayeng'ata hufanana na inzi wa nyumbani, ila ana mdomo mgumu wa kuchomea. Huyu huzaliana kwenye samadi na majani yanayooza, hivyo hupunguzwa kwa usafi. Mbung'o hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja kwenye udongo wenye kivuli. Kusafisha zizi hakumpunguzi. Kinachofaa ni mitego na vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa.

Hata hivyo, macho yana kikomo. Zipo aina za mbung'o ambazo wataalamu huzitofautisha kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Inzi akiwa ameharibika, vinasaba vya mguu wake mmoja vyaweza kumtambulisha, na damu iliyo tumboni ikaonyesha alimnyonya mnyama gani.

Faida ya utambuzi huo ilionekana Unguja, kulikokuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni. Kuanzia 1994, madume wa aina hiyohiyo waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege. Mbung'o wa mwisho alinaswa 1996. Aina ingekosewa, fedha zote zingepotea.

Bara kuna aina kadhaa, na mapori ni makubwa. Kwa hiyo mfugaji asiachiwe kazi hii peke yake. Halmashauri ziweke mitego, inzi wahifadhiwe kwenye spiriti na kupelekwa Wakala wa Maabara ya Veterinari. Mfugaji naye apimishe damu ya ng'ombe kwanza, kwani nagana si ndigana kali, ambayo huenezwa na kupe. Sindano za kubahatisha huwafanya vimelea wazoee dawa.

Kichupa cha spiriti ni rahisi kuliko ng'ombe.