Mtoto akikosea noti, usimsimamishe

Miaka ya 1960, mpiga piano Herbie Hancock alikuwa jukwaani katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Onyesho lilikuwa linakwenda vizuri hadi vidole vyake vilipotua pasipotakiwa. Hancock amesimulia mara nyingi kwamba alidhani ameharibu kila kitu. Davis alitulia kidogo, kisha akapuliza noti zilizoifanya sauti ile iliyokosewa isikike kama ilipangwa.

Kisa hicho kina funzo kwa mzazi ambaye mtoto wake anajifunza piano na sasa anataka kupiga jazi.

Katika muziki wa kusoma, kila noti ya mikono yote miwili imeandikwa. Karatasi ya jazi ni tofauti. Mara nyingi ni ukurasa mmoja wenye melodi, na juu yake herufi kama Dm7, G7 na C. Herufi hizo ni kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Mkono wa kulia hupiga melodi, wa kushoto hushika kodi. Mzunguko ukiisha, kodi hurudiwa kwa mpangilio uleule, lakini melodi huwekwa kando na mpigaji hubuni ya kwake papo hapo.

Hapo ndipo mtoto aliyezoea kuambiwa "umekosea, rudia" anaweza kukwama. Huogopa hata kujaribu, na wengine huacha kabisa.

Mwaka 2008, watafiti Charles Limb na Allen Braun wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu wapiga piano sita wa jazi waliobobea, waliopiga kinanda kidogo wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Walipokuwa wakibuni, shughuli ilipungua kwenye sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kujikagua, na ikaongezeka kwenye sehemu inayohusishwa na kujieleza. Hao ni watu wazima sita tu, na utafiti hauthibitishi kwamba jazi huongeza akili ya mtoto. Unadokeza tu kwamba kubuni na kujihukumu haviendi vizuri pamoja.

Nyumbani, mzazi asiyejua hata noti moja anaweza kusaidia. Mwache mtoto aanze na kodi tatu: Dm7, G7 na C. Mkono wa kushoto upige noti ya chini tu ya kila kodi. Mkono wa kulia utumie noti tatu pekee, azipange atakavyo. Mzazi apige makofi taratibu kuhesabu hadi nne. Dakika kumi zinatosha.

Sharti ni moja: mdundo usikatike. Noti ikisikika vibaya, mtoto asogeze kidole kwenye kitufe cha jirani, juu au chini, aendelee. Mara nyingi noti inayofaa iko hapohapo.

Hancock mwenyewe alipita njia zote mbili. Akiwa na miaka 11 alipiga Mozart na Chicago Symphony Orchestra, kila noti ikiwa imeandikwa. Jazi alijifunza baadaye, kwa kusikiliza santuri na kuiga.

Kwa hiyo mtoto akimaliza, kabla ya kumwambia alipokosea, muulize: "Sehemu gani umeipenda?" Kisha mwombe aipige tena.