Damu ya Istihadha: Tusiishie Kwenye Hukumu ya Sala



Ndugu Waislamu, katika darsa akina mama hufundishwa kutofautisha hedhi na istihadha. Fatma binti Abi Hubaysh (R.A.) alipomweleza Mtume (S.A.W.) kuwa damu haimkatiki, alijibiwa kuwa hiyo ni ya mshipa, si hedhi, basi asiiache sala. Hukumu iko wazi. Tatizo ni kudhani kuwa aliyejua hukumu amekwisha kujua na maradhi.

Miongoni mwa maradhi yanayotoa damu nje ya siku za hedhi, baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma uzeeni, ni saratani ya shingo ya kizazi. Ipo aina yake adimu, ya seli ndogo, isiyozidi wagonjwa 3 katika kila 100 wa saratani hiyo. Uchache huo usitughuri. Aina ya kawaida huchukua miaka mingi kukomaa. Hii hukua upesi, uchunguzi wa kawaida waweza usiione, na huwahi kusambaa kwenye tezi, mapafu, ini na mifupa. Kwa jumla, karibu theluthi moja tu ya wagonjwa hufikisha miaka 5. Wanaogunduliwa kabla haijasambaa, wakatibiwa kwa upasuaji, dawa za saratani na mionzi, huwa na matumaini makubwa zaidi.

Kwa hiyo, mwanamke aliyepimwa mwaka jana akaambiwa yu salama, naye leo anaona damu isiyo ya kawaida, arudi hospitali. Mumewe asimwambie asubiri. Atafutwe daktari mwanamke; asipopatikana, wanazuoni wameruhusu mwanamume atibu kwa dharura, kwa kiasi cha haja. Haya ni sehemu ya imani, lakini haikumzuia Fatma kuuliza.

Tukumbuke pia kinga. Saratani hii, hata aina hiyo adimu, mara nyingi husababishwa na virusi vya HPV, hasa namba 16 na 18. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaingia katika dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Kumchanja binti si kumtuhumu. Mke mwenye kujihifadhi naye huweza kuambukizwa na mumewe.

Sala ya mwenye istihadha tumeihifadhi. Tuuhifadhi na uhai wake, kwani nao ni amana.