Tuulize pia: mmejuaje?

Wanachama wenzetu, muhula uliopita mmoja wetu alimweleza bibi yake kwa simu jinsi mwili unavyotengeneza protini. Alimwambia kuna RNA inayobeba asidi amino, moja moja, hadi protini inapojengwa. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mmejuaje kama imebebwa? Pengine vimekaa pamoja tu." Tuliposimuliwa tulicheka, halafu tukanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu, na sote tulikuwa tumefaulu mtihani.

Jibu lipo. Mahlon Hoagland, Paul Zamecnik na wenzao, huko Boston, walitumia leusini yenye kaboni 14, ambayo mnururisho wake huhesabiwa kwa mashine. Waliichanganya na majimaji yaliyotolewa kwenye seli za ini la panya, kisha wakaitenga RNA na kuisafisha. Leusini iliyokaa karibu tu ingeondoka. Mnururisho ulibaki kwenye RNA. Walipotumia alkali, leusini iliachia, kwa hiyo kilichoishika kilikuwa kifungo cha kikemia. Tena, RNA hiyo ilipowekwa mahali protini zinapotengenezwa, leusini ilihamia kwenye protini. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1958.

Njia inayotumika maabara mpaka leo inafanana na hiyo: asidi baridi huigandisha RNA, asidi amino zilizo huru hubaki kwenye maji na kuoshwa, na kinachohesabiwa ni kile kilichofungwa.

Maoni yetu ni haya: tunafundishwa majina na michoro, lakini hatufundishwi vya kutosha jinsi mambo yalivyojulikana. Hasara yake tunaiona nyumbani. Ndugu zetu hututumia habari za chanjo na dawa na kutuuliza kama ni kweli, kwa sababu sisi ndio "wasomi". Tukijibu "wataalamu wamesema," tunawaomba watuamini tu, kama anavyowaomba yule aliyetunga uvumi.

Tunapendekeza kila anayetoa mada ya sayansi kwenye mikutano ya chama aulizwe swali la bibi, na alijibu kwa Kiswahili. Akikwama, tutatafuta jibu pamoja. Sisi tumeshaanza: bibi alipigiwa simu tena. Alisikiliza, akasema, "Sasa mmenieleza." Halafu akauliza hiyo mashine inahesabuje mnururisho. Hilo tunalitafuta.