Mwenye kinga ya makala anastahili njia yake

Kila siku, mbele ya jua kupanda, wanaume wanatoka vijiji vya upande wa Luisha na kuelekea Lubumbashi na kinga zao, baiskeli zilizoongezwa vyuma ili zibebe magunia ya makala. Mjini watu wanawalalamikia: eti wanamaliza pori, wanaziba njia, wanapandisha bei. Wanaosema vile wanasahau kwamba bila watu hawa, nyumba nyingi za Kenya, Katuba na Kamalondo hazingepika bukari.

Siku ya mwenye kinga inaanza kukiwa bado giza. Kwanza anapita njia nyembamba ya pori, kati ya miti ya miombo na vichuguu vinavyopita urefu wa nyumba. Pale kinga haipandwi, inasukumwa. Kisha yanakuja mashamba ya mahindi na mihogo, mabonde yenye majani marefu na maji ya baridi, na mwishowe lami ya barabara ya taifa namba 1. Kwenye kilima anainama na kusukuma kwa nguvu zote. Kwenye mteremko breki haitoshi kwa mzigo kama ule, basi anagandamiza gurudumu kwa sandali yake. Mpira ukipasuka, anaziba mwenyewe kando ya njia. Anafika mjini jioni, ao usiku.

Lami ndiyo ingepaswa kumpumzisha, lakini pale ndipo hatari inaanza. Barabara hiyo inabeba magari makubwa ya shaba na kobalti yanayotoka Kolwezi na Likasi kwenda mpaka wa Kasumbalesa. Kandokando hakuna nafasi iliyotengwa kwa kinga. Gari likipiga honi, mwenye kinga anajitupa kwenye majani pamoja na magunia yake. Akichelewa kidogo, nyumba moja kijijini inabaki bila baba.

Kuko tena bariere. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Feza inayoombwa mkononi bila karatasi si kodi, hata kama anayeiomba amevaa kofia ya kazi. Mtu aliyesukuma mzigo siku nzima hapaswi kuacha sehemu ya faida yake kwenye kila kamba iliyofungwa njiani.

Wengine watajibu kwamba kumsaidia mwenye kinga ni kusaidia kukata miti. Ni kweli pori linazidi kuwa mbali na mji, na yeye ndiye wa kwanza kujua, kwa sababu ni miguu yake inayopima umbali. Lakini anayeita makala ni jiko la mjini lisilokuwa na umeme wa kuaminika. Umeme wa Inga unasafiri karibu kilometa 1700 mpaka Kolwezi, na njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya migodi. Mpaka leo mama wa Katuba anapepea mbabula. Kumfukuza mwenye kinga kutapandisha bei ya makala, lakini hakutaotesha mti hata mmoja.

Feza ya kurekebisha jambo hili si ya kutafuta mbali. Sheria ya madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inatoa asilimia 25 ya ushuru wa madini kwa jimbo, na asilimia 15 kwa eneo la karibu na mgodi. Magari yanayotisha wenye kinga ndiyo yanabeba madini hayo. Basi sehemu ya feza hiyo ijenge njia ya kinga kandokando ya lami, hata ya udongo mwekundu uliogandamizwa vizuri, ikianzia kwenye vilima na madaraja. Kwenye bariere, asiye na risiti ya kutoa asipokee feza. Na wakuu wa jimbo waeleze wazi ni komine gani zitapata umeme wa kupikia, na lini.

Hayo yakifanyika, pori litapumua, na mwenye kinga ataweza siku moja kubeba mahindi pahali pa makala. Kwa sasa, mwenye gari apunguze mwendo anapomwona mbele, na mkaaji wa mji asimtukane. Chakula chake cha jioni kinapikwa kwa mzigo ule.