Mwenye leseni si mwenye kilabu

Makala yako kuhusu vilabu vya pombe ni nzuri, ila umewataja wenye leseni tu. Sisi tuliokulia Uchagani tunajua kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kilisimama kwa akina mama. Mzee mwenye leseni alikuwa na jengo, mabenchi na karatasi ya halmashauri. Pombe ilipikwa na wanawake, na wateja walimfuata mpishi, hawakufuata paa. Mama fulani akihamia kilabu cha jirani, mabenchi yanabaki matupu.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Ndizi mbivu zinachemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa, ndipo zinakamuliwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Halafu yanatiwa magome ya mti wa msesewe, ambayo ndiyo yanayoleta ule uchungu. Ukizidisha, hainyweki! Muuzaji huonja kwanza mbele yako, kisha anakukabidhi kata.

Hela za mbege ndizo zilizolipa ada na sare za wengi wetu, ingawa wapo wanywaji tuliowaona wakimaliza hapohapo mshahara wote.

Tafadhali, kwenye sehemu ya pili ya makala waulize bibi waliopika. Bado wapo.